Marehemu Yusto Elieza Msuya na Uzi Wake wa Nne

Mchungaji, wazee wa usharika, ndugu waombolezaji, na ninyi mliopanda mlima tangu alfajiri kutoka Same, Kifaru na Kileo: mimi Simeoni, mdogo wake marehemu, ndiye niliyepewa kazi ya kuwasomea habari za maisha yake. Niliomba apewe mtu mwingine, nikakataliwa. Kaka yangu alikuwa mtu mwema, tena alinichosha kupita kiasi. Yote mawili ni kweli, na yote mawili nitayasema, kwa sababu lipo jambo moja alilotaka nilitamke mbele ya watu nami nimelikwepa kwa miaka sita. Alitaka nikiri kwamba uzi wa nne wa kigitaa chake ulikuwa sahihi. Wengi wenu mnaijua habari hiyo. Wasioijua wavumilie, tutafika.

Marehemu alizaliwa hapa Shighatini, Ugweno, tarehe 14 Machi 1920, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Elieza Msuya na Mama Nakijwa. Alibatizwa Pasaka ya mwaka huohuo. Mama alituambia kwamba mtoto huyu alichelewa kutembea na alichelewa kusema, ila vidole vyake havikutulia tangu siku ya kwanza. Alipiga sufuria, alipiga mlango, alipiga mgongo wa mdogo wake aliyelala naye kitanda kimoja. Mgongo huo ni wangu.

Alianza shule ya misheni mwaka 1929 akamaliza darasa la sita mwaka 1935. Alikuwa hodari wa hesabu na mwandiko wake ulisomeka hata na wazee wenye macho mabovu. Katika kuimba alikuwa na sauti nzuri, lakini hakujua kungoja wenzake. Sisi tukiwa ubeti wa pili, yeye alikuwa wa tatu, na akimaliza alitutazama kwa huruma. Mimi niliyekuja kuwa mwalimu wa kwaya nadhani nilianza kukasirika miaka hiyo.

Baada ya shule alimsaidia baba katika kahawa, kisha mwaka 1941 akaingia Keya, jeshi la Waingereza. Alifundishwa kazi ya kupeleka habari kwa waya, akavuka bahari hadi kisiwa cha Seloni na baadaye Burma. Huko Seloni ndiko alikokutana na kile chombo. Kinaitwa yukulele: ni gitaa dogo, nyuzi nne tu, ukikikumbatia kinapotea kwapani. Alikipata kwa askari mmoja wa Kizungu kwa kubadilishana na viatu vyake vya akiba. Alirudi nyumbani Machi 1946, viatu alivyobaki navyo vimekwisha njiani, akapanda mlima huu pekupeku huku kigitaa kimefungwa kwa blanketi kisije kikalowa. Mama alipouliza viatu vya jeshi viko wapi, alimpigia wimbo.

Mwaka huo aliajiriwa kuwa karani wa simu katika stesheni ya Same, na kazi hiyo aliifanya kwa uaminifu hadi alipougua. Wenzake waliopo hapa watashuhudia kwamba hakuna aliyegonga simu kwa kasi kama yeye, wala hakukosea herufi. Tarehe 24 Septemba 1949 alifunga ndoa na Lydia wa Kileo, nao wakajaliwa watoto watatu. Shemeji Lydia amenipa ruhusa ya kusema kwamba marehemu alikuwa akiwabembeleza watoto wake kwa nyimbo za mbio, na kwamba hakuna hata mmoja aliyewahi kulala kwa njia hiyo. Siku moja aliniuliza, mbele ya mumewe, kama sisi ukoo wa Msuya tulimwoza mtu au kigitaa. Nilimwambia asubiri, mumewe atachoka. Sijawahi kukosea zaidi katika maisha yangu, isipokuwa mara moja.

Mwaka 1953 alikuja Same Mmarekani mmoja mchimba visima. Alikuwa akinywa chai katika hoteli ya Mzee Mbaraka, huyu aliyeketi pale karibu na mgomba, na alipoondoka alimwachia sanduku la santuri. Mzee Mbaraka mwenyewe alizisikiliza mara moja akazifunika. Kaka yangu hakuzifunika. Muziki huo huitwa bluugrasi, maana yake majani ya bluu, ingawa sijui ni ng'ombe gani wa kula majani hayo. Ni fidla, gitaa na banjo vinavyofukuzana, na waimbaji wanaimba juu sana kwa pua kana kwamba wamebanwa na mlango. Marehemu aliusikia akasema kwamba watu hawa lazima wamezaliwa milimani. Tangu siku hiyo kila likizo ilikuwa bluugrasi, asubuhi bluugrasi, wakati wa makande bluugrasi, na mbuzi wa baba walihama upande ule wa boma.

Sasa nieleze uzi, maana hapa ndipo ugomvi ulipo. Chombo chochote cha nyuzi ninachokijua huanza na uzi mnene wenye sauti ya chini, kisha nyuzi hupanda. Yukulele ya kaka yangu ilianza na uzi mwembamba. Ule uzi wa nne, ulio karibu na kidole gumba, ulitoa so ya juu, halafu zikafuata do, mi na la. Mimi ninafundisha do re mi tangu mwaka 1944. Nilimwambia chombo kimefungwa kichwa chini. Akanieleza kwamba banjo za kwenye santuri zina uzi mfupi uliokaa hapohapo kwenye gumba, unaolia noti ileile moja huku nyuzi nyingine zikikimbia na wimbo, na kwamba kigitaa chake kimezaliwa na uzi huo tayari, tena bila kuombwa. Nikamwambia kimezaliwa kilema. Alinieleza tena, na tena, kwa miaka, kwa sauti ya upole inayomfanya mtu atamani kung'oa nywele zake.

Siku ya sikukuu ya mavuno, Oktoba 1954, alikuja kanisani kupiga mbele ya usharika. Alikuwa amejiandaa miezi mitatu. Wakati akinywa chai nyumbani kwa Mchungaji, mimi nilichukua kigitaa, nikautoa ule uzi mwembamba, nikafunga uzi mnene wa gitaa langu, nikauweka kwenye so ya chini inavyotakiwa. Nilidhani ninamsaidia. Ndivyo nilivyosema baadaye, na nilikuwa na haraka ya kulisema. Alisimama mbele yenu, akaanza kwa kasi yake, na palipotakiwa kulia kengele pakalia ngurumo. Alianza upya mara mbili. Watu wakacheka, nami nikacheka pamoja nao. Yeye hakucheka, wala hakunigombeza. Alipofika mlangoni aliniambia, "Simeoni, siku moja utawaambia watu hawahawa kwamba uzi ule ulikuwa sahihi." Hakupiga tena kanisani.

Lakini kuniuliza hakuacha. Kila alipopanda kutoka Same, kabla ya kuuliza habari za watoto, aliuliza, "Umesema?" Nikamjibu sijasema. Krismasi aliuliza, Pasaka aliuliza, kwenye msiba wa baba aliuliza kwa kunong'ona jeneza likiwa bado halijashushwa. Mwaka 1956 nililetewa habari kwamba nina simu ya upepo, ile ya maandishi, inaningoja stesheni ya Kifaru. Kwetu simu ya upepo ni kifo. Niliacha darasa, nikateremka mlima nikikimbia na kuomba njia nzima, nikafika, nikafungua karatasi. Iliandikwa neno moja: UMESEMA. Nilipanda mlima kwa muda wa saa nne nikiapa kwamba sasa hata akifa sitasema.

Niliapa hivyo. Mungu anisamehe.

Mwezi Juni mwaka huu marehemu alianza kuvimba miguu, kisha mikono. Alilazwa Same wiki tano, na mwishoni mwa Agosti tukamleta nyumbani kwa sababu alitaka kuuona mlima. Ilikuwa ini. Shemeji Lydia na dada yetu Hedwiga walimuuguza usiku na mchana, wala hawakunung'unika. Mimi nilikuwa nikija baada ya masomo. Alhamisi iliyopita alinikabidhi kigitaa, kwa kuwa mkono wake wa kulia haukuweza tena. Alichukua kidole gumba changu akakiweka juu ya uzi wa nne akasema, "Piga huu tu. Usiache." Nikapiga so, so, so, kama mjinga. Yeye kwa mkono wa kushoto akawa anadonoa nyuzi nyingine tatu, polepole, kwa mara ya kwanza katika maisha yake akimngoja mtu. Na ile so ya juu ikakaa katikati ya wimbo, ikazishika noti zote zisianguke. Niliisikia. Miaka thelathini na zaidi ya kuishi na mtu huyu, ndipo nilipoisikia.

Akanitazama akauliza, "Umesema?"

Nikamjibu kwamba watu hawapo. Mnaona nilivyo. Chumbani tulikuwa watatu, pamoja na Shemeji Lydia, ningeweza kulisema kwa pumzi moja, nikatafuta njia ya kutokea hata hapo. Yeye aliitikia kwa kichwa akasema basi, tuwangoje. Alifariki Jumapili, tarehe 9 Oktoba 1960, saa nane mchana, akiwa na umri wa miaka arobaini.

Nilipoandika wasifu huu mara ya kwanza niliishia hapo. Shemeji Lydia aliusoma wote, akaurudisha juu ya meza, akaenda kuchota maji. Nimeuandika upya.

Marehemu ameacha mjane, Lydia. Watoto watatu, Dina, Nathanaeli na Esta. Mama yetu Nakijwa. Dada yetu Hedwiga, nami. Pamoja na rafiki yake Mzee Mbaraka, ambaye ameniomba niseme kwamba santuri zile bado anazo na hazifuniki tena.

Kaka, watu wamekuja. Wako wengi kuliko siku ile ya mavuno. Ndugu zangu, uzi wa nne wa Yusto ulikuwa sahihi, na aliyekosea ni mimi.

Nimesema. Sasa pumzika, kaka, kwa amani ya Bwana.