Mgongo wa Bwana Harusi na Mraba Namba Saba

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenzake baba, mimi ni binti yake wa kwanza, familia imenipa kazi hii kwa sababu nyumbani naitwa Redio, basi nitajitahidi nisipitilize, na mkiniona nacheka msinishangae, baba hakuwahi kumaliza mlo bila kututania.

Marehemu baba yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1955, mtoto wa tatu kati ya watano wa fundi seremala na muuza vitambaa, alisoma shule ya msingi kuanzia 1962 hadi 1968, sekondari hadi 1974, na mwaka 1977 akapata cheti cha ufundi wa maabara.

Tarehe 1 Februari 1978 aliajiriwa katika maabara ya kiwanda cha sabuni na mafuta ya kujipaka, kazi yake ikiwa kupima kama bidhaa mpya ina kitu cha kuleta mzio wa ngozi. Watu waliojitolea walibandikwa plasta mgongoni, kila kitu kinachopimwa na mraba wake na namba yake, plasta zikabanduliwa baada ya siku mbili, mgongo ukasomwa, kisha ukasomwa tena siku mbili baadaye, maana mzio ni kama mgeni mwenye aibu, hajitokezi mapema, na muda wote huo ni marufuku kulowesha mgongo wala kutoka jasho. Baba hakumbandika mtu kitu ambacho yeye mwenyewe hakubandikwa.

Hapo ndipo alipojiponza. Mwaka 1984 kiwanda kilitengeneza mafuta ya watoto wachanga, Jumatano tarehe 5 Septemba akabandika watu kumi na wawili, yeye akiwemo, amesahau kabisa kwamba Jumamosi ile ni harusi yake, jamani, mtu anayekumbuka migongo ya wenzake anasahau ndoa! Ijumaa plasta zilitoka, migongo yote safi, meneja akaleta karatasi asaini kwa kuwa maboksi yalikuwa yamekwisha kuchapishwa, baba akasema kawia ufike, anasubiri Jumapili, na meneja akamwambia Jumatatu asubuhi asaini au atafute kazi nyingine.

Basi tarehe 8 Septemba alifunga ndoa na mama yetu, fundi cherehani, akiwa hajaosha mgongo siku nne, akacheza muziki kama mlango, mikono tu ndiyo inayokwenda, shangazi zake wakanong'ona kwamba bwana harusi ana maringo, kumbe maskini anaogopa jasho. Jumapili alipovua shati, mama aliona mistari ya wino na namba moja hadi kumi, akamwuliza, wewe bwana, nimeolewa na mtu au na daftari? Mama, nisamehe, lakini ulisema. Baba akamwomba amsomee, naye akatoa futi mkobani, maana fundi haachi futi hata siku ya harusi, akamwambia penye namba saba ni pekundu, pamevimba, pana vipele, upana sentimita moja na nusu, na baba akaruka kwa furaha, sijawahi kusikia mtu mwingine aliyeshangilia kuwashwa.

Jumatatu alivua shati mbele ya meza ya meneja, wenzake wawili wakavua nao, namba saba zao zimeiva vilevile. Namba saba ilikuwa manukato ya yale mafuta, manukato yakaondolewa, maboksi yakasubiri, na baba akabaki kazini hadi alipostaafu tarehe 31 Machi 2015, akiwa mkuu wa maabara.

Alijaliwa watoto watatu, mimi mwaka 1986, wadogo zangu 1989 na 1993, na wajukuu sita. Mwezi Januari 2023 figo zilianza kumsumbua, akalazwa tarehe 2 Juni, na tarehe 19 Juni, saa tatu asubuhi, alifariki mama akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, ambao aliwakagua plasta zao mpaka mwisho, majirani mliotubeba wiki hii, na ninyi wa maabara.

Wako watu wazima leo waliopakwa mafuta yale wakiwa wachanga, wakalala bila kujikuna, hawamjui baba na hawana la kumshukuru, kwa sababu hawakupatwa na lolote, na hicho ndicho alichokihangaikia maisha yake yote. Sisi tunamshukuru kwa niaba yao. Tulikupenda mno, baba, nenda kapumzike kwa amani.