Bi. Shadya Anastaafu, Wakubwa Wapumue

Baada ya miaka thelathini na moja ya kuwasumbua wenye vyeo, Bi. Shadya Najibu anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Kwa niaba ya wafanyakazi wa kituo chetu cha msaada wa kisheria hapa Bukoba, natoa pole kwa wote watakaomkosa, na pongezi kwa wale ambao hatimaye watakunywa chai ya saa nne bila kumwona mlangoni.

Bi. Shadya alizaliwa mjini hapa, akasomea sheria, akapata kazi nzuri Dar es Salaam, kisha akafanya uamuzi ambao ndugu zake hawajauelewa hadi leo: akarudi nyumbani. Kituo kilimuahidi gari. Akapata bodaboda, pamoja na vumbi lote la barabara ya Ngenge.

Tabia yake mbaya kuliko zote ni kuamini kwamba sheria zimetungwa ili zitumike. Tulihudhuria wote semina ya usafirishaji haramu wa binadamu, tukapewa wote fulana. Sisi tulizivaa. Yeye akaenda kuwatafuta waathirika.

Ndivyo alivyokutana na Godeliva, binti kutoka Burundi. Mwanamke mmoja alimuahidi kazi ya ushonaji Bukoba mjini, akamvusha mpaka kwa njia za porini, akamkabidhi kwa Bwana Rwekaza, mkulima wa Kimwani anayeheshimika sana, hasa na waliowahi kula kwake. Cherehani hakuiona. Alilimishwa mpunga, akapigwa, na kila jioni alifungiwa stoo pamoja na magunia. Siku alipopata upenyo alikimbia hadi Muleba, akaingia ofisi ya serikali kuomba msaada.

Alipokelewa vizuri mno. Alipoulizwa kibali cha kuishi nchini na kukosa, aliwekwa mahabusu, na ikapangwa arudishwe mpakani, ambako yule mwanamke aliyemleta alikuwa akiendelea na biashara yake. Bwana Rwekaza naye aliitwa. Akapewa kiti.

Bi. Shadya alipopata habari alifika Muleba asubuhi hiyo hiyo. Mkubwa wa ofisi alimweleza kwa upole kwamba ana shughuli nyingi, aje Jumatatu. Gari la mpakani lilikuwa linaondoka Ijumaa.

“Mimi sina haraka, mzee,” alimjibu. “Mwenye safari ni huyu binti, na hataondoka kabla hajasikilizwa.”

Akakaa kwenye benchi la korido. Kwa kuwa hapendi kukaa bure, aliwapigia simu wateja wake wa Muleba wamfuate pale pale. Wakaja wajane wenye kesi za mashamba, wakaja kina mama wa matunzo ya watoto. Kufikia mchana mkubwa alikuwa anapita kwa ubavu kuingia ofisini kwake mwenyewe. Ghafla shughuli zake zikapungua. Akaagiza binti aletwe.

Godeliva alieleza yote akiwa amesimama, akionyesha makovu ya mikononi. Mkubwa alisikiliza, kisha akamuuliza kwa nini hakuyasema tangu jana.

“Jana sikuulizwa,” alisema Godeliva. “Niliulizwa kibali tu.”

Bi. Shadya hakuongeza neno, jambo ambalo tunaomba liingizwe kwenye historia ya kituo. Safari ya Ijumaa ilifutwa. Binti alitambuliwa kuwa mwathirika, shtaka la kuingia nchini bila kibali likaondolewa, akaruhusiwa kubaki hadi kesi iishe. Nyumba salama ya kumhifadhi ilikuwepo, tena nzuri, kwenye mpango mkakati wetu. Wakati tukiisubiri ijengwe, Godeliva aliishi sebuleni kwa Bi. Shadya, akajifunza kushona kwa jirani.

Bwana Rwekaza alituma wazee wakaombe mambo yamalizwe kifamilia. Bi. Shadya aliwakaribisha kahawa, akawauliza ni familia ipi inayomfungia binti yao stoo. Wazee walisifu kahawa, wakaaga.

Godeliva alitoa ushahidi mahakamani bila kubadilisha neno. Rwekaza na yule mwanamke walifungwa. Baadaye binti alichagua kurudi kwao, akapanda basi mchana kweupe akiwa na hati yake ya kusafiria mkononi. Bi. Shadya alimsindikiza stendi, akalia mbele za watu, halafu akatuambia ni vumbi. Mvua ilikuwa inanyesha.

Nafasi yake tayari imetangazwa. Anatakiwa mtu mwenye shahada, nidhamu na uwezo wa kufanya kazi chini ya maelekezo. Kwa vigezo hivyo yeye mwenyewe asingeitwa hata kwenye usaili.

Bi. Shadya, asante kwa kila mtu uliyekaa benchini kwa ajili yake. Mungu akupe afya, usingizi mrefu na wajukuu watiifu kuliko ulivyokuwa wewe. Namba yako ya simu tunayo, na kwa hilo tunakuomba radhi mapema.