Maisha ya Mama Upepo, Mwangalizi wa Uwanja Wetu wa Ndege

Ndugu, jamaa, majirani na wageni wetu, familia imenituma niwasomee maisha ya dada yangu, mimi niliyemfuata kwa kuzaliwa, na naomba mnivumilie sauti ikikwama, maana nyumba nzima imechoka, tumelia, tumepokea wageni, tumelia tena, na bado simu ikiita tunageuka kumtafuta yule aliyezoea kuipokea.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1966, hapa hapa mjini kwetu kaskazini, katika nyumba ya mabati nyuma ya ghala la serikali, akiwa mtoto wa pili wa fundi wa pampu za maji na mkewe mshonaji, akaanza shule ya msingi mwaka 1973, akamaliza sekondari ya bweni huko kusini mwaka 1984, na kila likizo alishuka kwenye lori akiwa amejaa vumbi mpaka kope, akilalamika kwamba mji wetu uko mwisho wa kila kitu isipokuwa upepo.

Tarehe 1 Julai 1986 aliajiriwa kuwa karani wa uwanja wetu wa ndege, ambao tuliuita uwanja kwa heshima tu, kwa kuwa ulikuwa njia moja ya changarawe, chumba chenye mizani ya mizigo, redio na benchi, na mlingoti wenye mfuko wa kitambaa wa kuonyesha upepo unakovuma. Mwaka 1993 akapandishwa cheo kuwa mwangalizi mkuu, cheo kizito kweli, ingawa aliyekuwa chini yake ni mlinzi mmoja, na mlinzi mwenyewe, ambaye yuko hapa na anacheka, hakuwa akimsikiliza sana. Alifukuza mbuzi njiani, alipima mizigo, aliwaambia marubani habari za upepo hadi wakampa jina tunalomwita wote, na zaidi ya yote, kila baada ya mvua yeye ndiye aliyeamua kama njia imekauka kiasi cha ndege kutua. Ndege hiyo ndiyo inayotuletea chanjo na mitihani ya watoto, na ndiyo inayowatoa wagonjwa wetu, kwani mvua ikinyesha barabara hukatika pale mtoni.

Tarehe 17 Desemba 1988 aliolewa na dereva wa lori la mafuta, shemeji yangu aliyekaa hapa mbele, ambaye siku ya kwanza aliambiwa ameegesha lori vibaya, akaliegesha upya, akaambiwa bado, naye husema kwamba katika ndoa yote hiyo hajawahi kuegesha sawasawa. Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza mwalimu, wa pili fundi umeme, na kitinda mimba, binti, ambaye yuko chuo cha uuguzi.

Mwezi Aprili 1998 lilimpata jambo lililombadilisha. Desturi yake ilikuwa kuipima njia kwa kuendesha pikapu ya uwanja kwa kasi na kufunga breki ghafla, tairi zisipozama anafungua uwanja, na siku hiyo hazikuzama, akafungua, ikatua ndege iliyosheheni magunia ya nafaka, gurudumu la mbele likadidimia, ndege ikalala ubavu, na rubani akatolewa amevunjika mgongo, asitembee tena. Dada alikonda mwaka ule, akirudia maneno yaleyale, kwamba pikapu ilikuwa tupu na ndege ilikuwa imejaa. Tangu hapo hakupima njia kabla ya kujaza mawe kwenye pikapu mpaka springi zilale, na mawe hayakujipakia yenyewe, yalipakiwa na mumewe, na watoto wake, na mimi niliyekuwa nimepita kunywa chai tu, tukipakia na kupakua msimu baada ya msimu, tukinung'unika, naye akituambia tuongeze.

Jumatano tarehe 6 Novemba 2024, akiwa amebakiza mwaka na kitu astaafu, aliamka na maumivu makali ya tumbo, na daktari wa kituo chetu cha afya akatueleza kwamba utumbo umejisokota, kwamba upasuaji wake hauwezekani hapa, na kwamba asipotolewa haraka tutampoteza. Barabara ilikuwa imeshakatika. Rubani wa sasa, kijana, alipigiwa simu, akasema dada akimwambia njia ni kavu na ngumu ataruka saa hiyo hiyo. Mimi na shemeji tukapakia mawe, safari hii bila kunung'unika, tukaenda kupima, na katikati ya njia pikapu ikazama, shemeji akashuka kuisukuma, tukarudi kituoni. Shemeji akainama kitandani, akamwambia mkewe kwamba njia ni kavu, ngumu kabisa, ndege ije.

Dada alimtazama usoni, kisha akamtazama miguu, na tope lilikuwa limempanda hadi magotini. Hakugombana naye, alimshika tu mkono, akaomba simu, akamwambia rubani kwa sauti yake ya kila siku kwamba uwanja umefungwa, asije. Binti yake alimsihi kwa machozi awafikirie wanawe, naye akajibu kwamba yule kijana naye ni mtoto wa mtu. Nilimkasirikia dada yangu, nasema wazi mbele yenu, na hasira hiyo haijaisha.

Alifariki alfajiri ya Ijumaa tarehe 8 Novemba, mumewe akiwa pembeni yake. Njia ilikauka Jumapili.

Familia inamshukuru daktari na wauguzi, waliofanya yote yaliyowezekana kwa vifaa walivyo navyo, inawashukuru majirani kwa maji, kuni na viti, na wenzake wa viwanja vingine waliopiga simu hata wasiofahamiana naye uso kwa uso. Inamshukuru rubani, ambaye leo amewaleta ndugu zetu wa kusini, na amekuja na mkewe mjamzito ili aione nyumba ya marehemu. Ametuambia hapo nje kwamba siku ile injini ilikuwa tayari inanguruma, na kwamba angeambiwa njia ni nzuri asingeuliza mara mbili.

Mwisho, shemeji ameniomba niongeze jambo ambalo halimo katika karatasi hii, nami nimemkatalia tangu jana, lakini nyumba ni yake na msiba ni wake. Anasema asubuhi ile ikirudi atamdanganya mkewe tena, ila safari hiyo atanawa miguu kwanza.

Dada, umechoka, nasi tumechoka. Pumzika sasa kwa amani.