Toazi Ambalo Hakuna Aliyeligonga

Ndugu, jamaa, majirani, pamoja na wapiga muziki mliokuja na suti zenu za jukwaani kwa sababu hamna nyeusi nyingine, asanteni kwa kufika, mimi ni kaka mkubwa wa marehemu, kazi yangu ni ufundi bomba na si kuhutubia watu, lakini familia imenisimamisha niwasomee maisha ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Shaba, basi nivumilieni sauti ikikatika.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa baba yetu, aliyekuwa dereva wa lori la saruji, na mama yetu, aliyekuwa mshona nguo, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha mafuta, na alipofikisha miaka tisa baba alianza kuyumba njiani, akawa haitiki akiitwa, akanyang'anywa lori, mtaa mzima ukasema ni pombe, ilhali baba hakuwahi kuionja, na tarehe 2 Novemba 1984 akafariki akiwa hasikii kitu, nasi tukamzika bila kujua kilichomuua.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1978 hadi 1984, kisha sekondari ya wasichana hadi 1988, na huko ndiko bendi ya shule ilikompa matoazi mawili ya kugonganisha kwa mikono, si kwa sababu ya kipaji, bali kwa sababu alikuwa mrefu kuliko wenzake na mwalimu alitaka aonekane kwenye gwaride, naye akayapenda hata mama akaanza kuficha vifuniko vya sufuria.

Mwaka 1990 alijiunga na bendi ya hoteli akiwa mpiga dramu, kiongozi wa bendi, ambaye ndiye aliyekuwa mwimbaji, akimuuliza, "Binti, mikono hiyo itafika saa sita ya usiku?" naye akajibu, "Wewe angalia koo lako," na ilipofika Februari 1994 aliajiriwa katika duka la vyombo vya muziki, ghorofa ya pili, upande wa matoazi, kazi aliyoifanya kwa zaidi ya miaka ishirini, na wengi wenu mnakumbuka jinsi mlivyokuwa mnapanda zile ngazi mkitaja Zildjian, Sabian, Paiste na Meinl kama watu wanaotetea timu za mpira, naye hakubishana na mtu, alifunika chapa zote kwa vitambaa, akawageuza muangalie ukuta, akagonga moja moja na kuwaambia, "Chagua kwa sikio, jina halilii," na mara nyingi yule aliyeapa kwamba hawezi kugusa kampuni nyingine alijikuta amechagua la kampuni ileile aliyoikataa, akashuka ngazi akicheka kwa aibu. Yeye alisema toazi nene huanza kwa mlio mkali na kukawia kunyamaza, jembamba hufunguka upesi na kufa upesi, na yaliyopigwa nyundo kwa mkono hayalingani hata yakitoka kiwanda kimoja, kama vile watoto wa tumbo moja.

Tarehe 7 Desemba 1996 alifunga ndoa na shemeji yetu huyu aliyekaa hapa, seremala, aliyekuja dukani kutengeneza rafu na kuichelewesha makusudi mpaka mwenye duka akamshtukia, wakajaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 30 Oktoba 1997, ambaye leo ni mwalimu, na kijana aliyezaliwa tarehe 18 Julai 2001, ambaye alirithi fimbo za mama yake na ni mpiga dramu.

Mwezi wa Aprili 2011, familia ikiwa mezani mchana, dada aliinua kichwa akauliza, "Nani amegonga?" watoto wakamwambia hakuna aliyegonga kitu, akasema, "Basi lishikeni, linaendelea kulia," watoto wakacheka wakidhani mama anatania, lakini baba yao aliutazama uso wa mkewe na hakucheka. Siku zilizofuata alikuwa akifika kazini kabla ya wenzake, akapita kwenye stendi zote na kushika matoazi moja baada ya jingine kwa vidole viwili, akitafuta lipi linatetemeka, na yote yalikuwa yametulia, na mlio ukawa uleule, na hakumwambia mtu, kwa sababu aliogopa kwamba akili inamtoka, akaogopa zaidi kwamba tutamwona inavyomtoka, mpaka shemeji aliponipigia simu akasema, "Shemeji, dada yako anashika vitu vilivyonyamaza, njoo, mimi naogopa."

Jumapili moja alasiri, duka likiwa limefungwa, mwenye duka alitupa ufunguo, dada akakaa kwenye kigoda akiangalia ukuta, mimi na mumewe tukaanza kugonga matoazi moja moja, ili tujue mlio alio nao kichwani unafanana na upi, naye akawa anasema, "Siyo hilo," "Hilo jepesi mno," "Hilo linakaribia, lakini lina mchakacho kama wa mchanga, langu halina mchanga," tukaendelea hadi nikafika kwenye toazi moja nene la inchi ishirini, nikaligusa kwa ncha ya fimbo, dada akashika kigoda kwa mikono miwili na kusema, "Ndilo." Nililizima palepale kwa kiganja, chumba kikanyamaza kabisa, naye bila kugeuka akaniuliza, "Kaka, umeshalishika?" nikamwambia, "Nimelishika," akasema, "Kwangu bado linalia," na mimi, mtu mzima, nikatamani kuteremka ngazi na kukimbia.

Lakini tangu siku hiyo alijua namna ya kueleza, akaenda kwa daktari wa masikio akamwambia anasikia nini, upande gani zaidi na tangu lini, daktari akamwelewa, akaagiza picha ya kichwa, na tarehe 23 Juni 2011 tukaitwa kusikiliza majibu, kwamba kuna uvimbe kwenye mishipa ya kusikia, kulia na kushoto, na kabla hatujapumua daktari akauliza taratibu, "Katika ukoo wenu kuna aliyewahi kupoteza usikivu na kuyumba akitembea?" Mimi na dada tuliangaliana, na nadhani sote wawili tulimwona dereva wa lori la saruji akijishikilia ukutani, watu wakimcheka. Daktari alieleza kwamba ugonjwa huu hurithiwa, kwamba kila mtoto wa mgonjwa ana nafasi ya nusu kwa nusu, na tangu pale dada hakujiogopea tena, hofu yake yote ilihamia kwa watoto.

Mimi nilipimwa, nikaonekana sina, na sijui nilistahili nini kuliko yeye. Dada alifanyiwa upasuaji wa kwanza tarehe 9 Februari 2012, sikio la kushoto likaishia hapo, la kulia likawa linafifia, na mwaka 2017 likazimika pia, akaacha kazi, na ninawaomba msisimulie huko nje kwamba alisikia muziki kwa vidole, hakusikia kitu, isipokuwa lile toazi, ambalo halikunyamaza hata masikio yalipokufa. Nyumbani alikuwa akiangusha kijiko nyuma ya mwanawe aone kama atageuka, akiwatazama wakitembea kwenye mstari wa vigae aone kama watayumba, na wakiwa wametulia tu wanasoma, aliwauliza ghafla, "Unasikia nini?" nao wakajibu kwa midomo, polepole ili aone, "Hakuna kitu, mama."

Binti alipimwa mwezi wa Mei 2019, akaonekana hana, na mama yake alilala usingizi kutwa nzima kama mtu aliyetua mzigo, lakini kijana alikataa, akasema, "Nikijua, kila nikigonga nitakuwa nasikiliza kama ni mimi au ni lenyewe," wakagombana, akahama nyumbani kwa muda, na mwaka 2021 dada aliniambia, "Nimemtisha mtoto vya kutosha, kaka, sasa acha niogope peke yangu," naye hakumuuliza tena.

Mwaka huu uvimbe ulibana shina la ubongo, akashindwa kumeza, akalazwa tarehe 9 Mei, na siku mbili kabla hajafariki alimwita kijana wake karibu akamuuliza kwa sauti ya kukwaruza swali lile aliloliacha, "Unasikia nini?" kijana akatikisa kichwa, mama akafumba macho, na tarehe 21 Mei asubuhi akafariki, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Jana, nikiwa naosha vikombe vya wageni, kijana alikuja akasimama nyuma yangu akasema, "Mjomba, mama sikumwambia kweli." Amekuwa akisikia mlio katika sikio la kulia tangu mwezi wa Januari. Ameniomba niyasome haya mbele yenu, nimemuuliza mara mbili kama ana hakika, akasema ana hakika, kwa sababu babu yake aliitwa mlevi na yeye hataki kuitwa chochote. Jumatatu tunakwenda naye hospitali, mimi na baba yake, daktari amesema kuwahi kuna maana, na zaidi ya hapo sijui kitu, naogopa, na sioni faida ya kuwaficha.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya upasuaji, ambao hawakuchoka kuandika kwa herufi kubwa ili asome, tunawashukuru majirani waliokuwa wakiwasha na kuzima taa ya mlangoni badala ya kubisha hodi, na mwenye duka pamoja na wafanyakazi wenzake, na wapiga muziki wote, hasa mliolibeba jeneza leo asubuhi.

Dada yangu, pumzika kwa amani, kijana hatutamwacha aende peke yake.