Maneno Mawili Kwenye Jiwe la Wasuo

ILMO: Haloo? Nani mwenzangu? Kama unauza umeme, mimi natumia mishumaa.

SAILA: Ni mimi.

ILMO: Mimi nani? Namba hii siijui.

SAILA: Saila. Mdogo wako, kama bado unakumbuka kwamba una wadogo. Natumia simu ya kazini, ya duka la dawa. Kwa yangu nimekupigia mara nne, hupokei.

ILMO: Nilikuwa napitia hotuba. Habari za Kuopio?

SAILA: Mvua. Za huko?

ILMO: Niko kwenye treni, tumeshapita Mikkeli. Ngoja kwanza, kuna mama ananitazama kama nimewasha sigara kanisani. Naingia kile kibanda cha simu... [mlango unafungwa] Haya. Nani amekufa?

SAILA: Lazima mtu afe ndiyo nikupigie?

ILMO: Kwetu sisi, ndiyo.

SAILA: Hajafa mtu. Hotuba yako saa nane mchana?

ILMO: Saa nane kamili. Lahti, ukumbi mkubwa, watu mia tatu. Ulitaka tiketi? Zimekwisha.

SAILA: Masikitiko yangu hayana kipimo. Watu wazima mia tatu, wana kazi, wana watoto, wanasafiri kwenda kusikia mazimwi ya kwenye mchezo wa kompyuta yalizaliwa wapi.

ILMO: Wasuo si mazimwi! Hilo ndilo nita—

SAILA: Nieleze mimi kwanza. Nifanye mjinga.

ILMO: Hiyo kazi nilishaikuta imefanyika. Sikiliza. Kwenye huo mchezo, Routavaara, kuna makabila mawili, sawa? Kuna Walehto wa msituni: warefu, ngozi laini, masikio yamechongoka, wanaimba kutwa na hawaendi chooni. Halafu kuna Wasuo wa bwawani: wafupi, wananuka, meno nje. Kila mchezaji anawachinja Wasuo bila hata kuuliza. Mimi nasema hao ni watu wamoja. Wasuo ni Walehto waliofukuzwa kwao. Koo sita. Wakakaa kwenye matope mpaka wakafanana na matope.

SAILA: Walifukuzwa, au waliondoka wenyewe wamenuna?

ILMO: Walifukuzwa.

SAILA: Nimeuliza tu. Na ushahidi?

ILMO: Jiwe la lango la bwawa. Maneno mawili, *kuusi palaa*. Yaani sita wanarudi.

SAILA: Au "msunobari unaungua".

ILMO: Hao ni wale wa mti. Eti Wasuo walitoka kwenye jivu. Wapuuzi.

SAILA: Au "mwezi wako unaungua".

ILMO: Hao ndio kabisa! Eti Wasuo waliangu— walia—

SAILA: Haloo? Unakatika.

ILMO: —kutoka mwezini! Kiongozi wao anaitwa Ensio, anafuga mijusi. Atakuwepo leo mstari wa mbele, ananiombea nijikwae.

SAILA: Maneno mawili, maana tatu, na miaka yote hakuna aliyefikiria kumuuliza aliyeandika.

ILMO: Hajulikani. Mchezo ukiisha wanaonyesha herufi mbili tu, K.H. Lakini yule ni kichwa, Saila. Mawe thelathini, Kifini cha zamani kimenyooka, hakuna neno la bahati mbaya hata moja. Nimemsoma miaka saba. Namjua yule mtu kuliko ndugu zangu.

SAILA: Kuhusu ndugu zako sibishi. Subiri— [pembeni] Dawa ya kikohozi rafu ya kushoto, mama. Hapana, hiyo ni ya mbwa. [kwenye simu] Ilmo, wamempata.

ILMO: Nani?

SAILA: K.H. Watampandisha jukwaani leo ukimaliza tu kusema. Mgeni wa kushtukiza. Wamuulize jiwe lile maana yake nini.

ILMO: Unanitania! K.H. mwenyewe? Mbele ya Ensio? Wewe umejuaje?

SAILA: Mimi ndiye niliyemnunulia tiketi ya treni.

ILMO: Wewe? Kwa nini wewe...

SAILA: Endelea, msomi wa mawe.

ILMO: Usiniambie.

SAILA: Kauko—

ILMO: Saila, usiniambie!

SAILA: —Hakkarainen. Mwalimu mstaafu wa Kifini. Baba yako mzazi.

ILMO: Uongo. Baba? Yule aliyesema mezani siku ya Krismasi, mbele ya wageni, "mwanamume wa miaka ishirini na minane anacheza na mazimwi"? Mimi nikaacha funguo juu ya kabati la viatu nikaondoka?

SAILA: Nilikuwepo. Nilikuwa nimeshika bakuli la viazi na sikujua niliweke wapi.

ILMO: Halafu huyohuyo akaenda kuwatungia mazimwi maneno?

SAILA: Mwaka uliofuata. Walitangaza gazetini wanatafuta mtu wa Kifini cha zamani. Akaandika barua kwa mkono, akaipeleka posta kwa baiskeli.

ILMO: Kwa nini?

SAILA: Muulize.

ILMO: Nakuuliza wewe.

SAILA: Na mimi nakwambia kamuulize. Miaka tisa mmenifanya posta. "Mwambie Ilmo avae soksi." "Mwambie baba sina baridi." Posta imefungwa.

ILMO: [anavuta pumzi] Sawa. Sawa. Basi yeye anajua. Ni sita wanarudi, sivyo? Niambie ni sita wanarudi.

SAILA: Ndiyo sababu nimepiga. Sikutaka ulisikie mbele ya watu mia tatu. Kaa chini.

ILMO: Kibanda hakina kiti.

SAILA: Egemea. Mawe yalikuwa thelathini, karatasi moja ndefu, kila jiwe na mstari wake. La kumi na saba, hilo la lango, lilimshinda, akaacha mstari wazi. Jumamosi asubuhi mama akapiga kelele jikoni, aende sokoni kununua kalakukko. Baba hakuwa na karatasi nyingine karibu.

ILMO: Hapana.

SAILA: Akaandika palepale, asije akasahau.

ILMO: Hapana, Saila.

SAILA: Vipande sita.

[treni inasikika]

ILMO: Kuusi palaa. Vipande... sita.

SAILA: Vya mkate wa samaki. Karatasi ikaenda hivyohivyo, na kule wakanakili kila kitu kwa heshima zote.

ILMO: Nimejichora mkononi, Saila! Kwa wino wa kudumu!

SAILA: Nimeona kwenye video zako. Umejichora oda ya sokoni. Shukuru hakuongeza maziwa na siagi.

ILMO: Na amenyamaza muda wote huo!

SAILA: Ulitaka afanyeje? Awapigie simu? Watu asiowajua? Siku alipoona kosa lake kwenye mchezo aliingia sauna, akakaa humo mpaka mama akaenda kuangalia kama yu hai. Akatoka akasema, labda hakuna atakayesoma.

ILMO: Wamesoma watu laki mbili!

SAILA: Wengi wao kwa sauti yako.

ILMO: Nimekwisha. Nashuka Kouvola. Nitawaambia tumbo limenivuruga.

SAILA: Shuka. Si ndiyo kawaida yako? Kikikuchoma kidogo, funguo juu ya kabati.

ILMO: Usinianze, Saila! Wewe hukudhalilishwa. Miaka saba ya maisha yangu, na leo Ensio atacheka mpaka mijusi yake— [anasita] Ngoja. Karatasi hiyo ni ya mwaka gani?

SAILA: Nimeshakwambia. Mwaka mmoja baada ya wewe kuondoka.

ILMO: Nyumbani alikuwepo baba, mama, wewe, na pacha wawili.

SAILA: Ndiyo.

ILMO: Mlikuwa watano.

SAILA: Tulikuwa watano.

ILMO: Sasa mbona...

SAILA: [anafunga droo ya dawa]

ILMO: Labda pacha mmoja alikuwa na njaa.

SAILA: Labda. Kila Jumamosi, miaka tisa.

ILMO: Na hicho cha sita mnakipeleka wapi?

SAILA: Kwenye friji. Hakiguswi. Jumatatu asubuhi baba anakila mwenyewe, cha baridi, amesimama palepale mlango wa friji ukiwa wazi. Ukimuuliza, anasema chakula hakitupwi.

ILMO: Saila.

SAILA: Unalia?

ILMO: Macho yanawasha.

SAILA: Ni moshi. Mwezi wako unaungua.

ILMO: Mshenzi wewe. [anapenga kamasi] Nimemkumbuka, unajua? Kila treni ikisimama Kuopio naangalia saa mpaka iondoke. Nina hasira naye, na nimemkumbuka.

SAILA: Mwambie hayo yeye. Ilmo, kuna jingine.

ILMO: Bado tu? Na mama naye ndiye aliyechora meno ya Wasuo?

SAILA: Kutoka Kuopio hadi Lahti, treni ya kuwahi saa nane ni moja.

ILMO: Yumo humu.

SAILA: Behewa la tano, dirishani. Wewe uko la ngapi?

ILMO: La tatu! Saa mbili nzima tupo treni moja, na hajaja?

SAILA: Nilimwambia umo. Akasema hapendi kukusumbua, huenda unasoma.

ILMO: Jamani, huyu mzee... [mlango unafunguka] Betri imebaki asilimia mbili. Nakwenda kuchungulia. Kuchungulia tu.

SAILA: Chungulia, chungulia.

ILMO: Samahani, dada... samahani, napita... Hili la nne. Saila, unasikia?

SAILA: Nasi— nakusikia. Tembea.

ILMO: La tano. Namwona. Amevaa suti, ile aliyoagwa nayo shuleni. Amezeeka, Saila. Hukuniambia amezeeka.

SAILA: Anafanya nini?

ILMO: Ana simu mkononi, anatazama... Mungu wangu.

SAILA: Nini?

ILMO: Ananitazama mimi. Video yangu ya Wasuo, ile ndefu, sauti juu kabisa. Behewa zima linanisikia nikieleza sita wanarudi.

SAILA: Na watu wanasemaje?

ILMO: Wafini hawa, waseme nini? Wamegeukia madirishani wanakufa kwa aibu. Yeye anatingisha kichwa.

SAILA: Anakubali au anakataa?

ILMO: Anakubali! Mzee anajua ni samaki, na anakubali!

SAILA: Ilmo, nakuomba, usimfokee—

ILMO: Nani kafoka? Kwaheri, simu inazima, msalimie mama.

SAILA: Utamwambia nini?

ILMO: Sijui. Nakaa hapo pembeni yake, nimwonyeshe panapopunguzwa sauti. Hayo mengine tuna mpaka Lahti ku—

SAILA: Ilmo? ... Haloo?

[imekatika]