Nani Atamwitikia Mzee Faradji?

Kamyo, lori la abiria kutoka Nyangwe, ilikuwa inakaribia Kasongo, na Mzee Faradji, bingwa wa vitendawili, bado hajakata shauri kama atatega au hategi. Leo ndiye mgeni wa heshima wa redio ya sité, mtaa mkubwa wa mji, na kanzu yake imepigwa pasi mpaka mikono haikunjiki.

“Baba, kumbe ni weye!” alishangilia Léocadie, abiria wa mbele yake mwenye kapu la samaki magotini, aliposikia jina lake, maana kwa sura hakumjua. “Kila Jumapili tunajaa sokoni chini ya vipaza sauti, kusikiliza redio! Kwanza salamu, kisha muziki, kisha mgeni!”

“Lakini wananifungia mu kachumba, mimi na mikro. Nikisema ‘Kitendawili!’ nani ataniitikia?”

“Sisi, kule sokoni!”

“Nitawasikia?”

“Hapana.”

“Basi sitegi. Mutu hategei ukuta.”

“Baba, usituue! Jaribu hapa.”

“Kitendawili!”

“Tega!” kamyo nzima ililipuka, hata dereva, aliyepaswa kushughulika na mashimo. Faradji akachekelea kama bwana harusi. Kisha akakumbuka kachumba, akanuna upya.

Breki zikalia mbele ya redio. Mzee akaruka chini na kapu la samaki la Léocadie kichwani.

“Mama, samaki wako atakuwa ndani, karibu na mikro. Ukuje umuchukue, na useme ‘Tega!’”