Nani Alikuona Njiani?

Baba zangu, mama zangu, na nyinyi wenzangu mnaocheka kabla sijaanza: nimekuja kutoa ushuhuda hapa kanisani nikiwa na daftari langu la kila siku, maana mdomo wangu huwa unanitoroka. Nitasoma. Nikikwama, msinisaidie.

Mnajua napenda kukimbia mbali. Mbio fupi siziwezi. Zinakwisha miguu yangu ikiwa ndiyo kwanza inaamka. Lakini nipeni maili kumi na nane! Tano za kwanza ni ugomvi mtupu kati yangu na mapafu. Halafu, sijui ni wapi hasa, ugomvi unakwisha, mwili unakuwa mwepesi, na hakuna mtu wa kuniuliza kitu. Kwa mwenye haya kama mimi, hiyo ni nusu ya pepo.

Mwaka juzi shule yetu ilitushindanisha kwenda Songwa na kurudi. Nilikuwa wa pili nilipokaribia soko la njiani. Ndugu zangu, nawaambia, ilikuwa siku ya gulio. Akina mama wamejaa, nami nimevaa kaptula ya baba iliyofungwa kwa kamba ya katani. Nikaona haya. Nikakata kushoto, nikazunguka nyuma kwenye mashamba ya pamba, katika tope jeusi linalong'ang'ania miguu kama mtoto anayeachishwa ziwa. Nilijiongezea karibu maili nzima, na bado nikafika wa tatu.

Mwalimu msimamizi akatazama karatasi. "Jina lako halipo. Mwenzangu aliyekaa sokoni hakukuona ukipita. Nani alikuona njiani?"

Nikatazama vidole vyangu vya miguu. Ningeweza kusema. Sikusema. Nafasi yangu akapewa mwingine, mimi nikapewa jina: Mkato, yaani mpita njia ya mkato. Hata hapa kanisani nilisikia, "Mkato, leo umepitia wapi?" Baba alininyamazia wiki nzima. Nikaacha kukimbia. Naungama pia kwamba niliacha kuja ibadani, nikisingizia ng'ombe.

Aliyenibana ni shangazi yangu, anayeuza karanga soko lile lile. Nilipomweleza, alicheka mpaka karanga zikamwagika.

"Yaani umezunguka mbali kuliko wote, ukaitwa mwizi wa njia?"

"Ndiyo, shangazi."

"Kwa kutuogopa sisi? Wauza karanga?" Akafuta macho. "Safari hii pita katikati. Na usipite kama fisi. Salimia watu!"

Basi mwaka jana nikajiandikisha tena. Soko lilipotokea, miguu ikataka kushoto yenyewe. Kushoto pamba, mbele watu. Nikavuta pumzi, nikapaza sauti ambayo hata mimi sikuwa nimewahi kuisikia, nikawapa akina mama salamu yetu ya asubuhi: "Mwangaluka, mayu!"

"Mwangaluka, mwanangu!"

Ikawa kama kuwasha nyasi kavu. Soko zima likaitikia. Mzee mmoja, fundi baiskeli, akanizuia. "Salamu gani hiyo ya kukimbia? Wewe wa nani?" Nikamtajia baba, na baba yake baba, huku narukaruka pale pale na wenzangu wawili wakinipita.

Nilimaliza wa tano. Mwalimu yule yule akatabasamu. "Haya, Mkato. Nani alikuona njiani?"

Shangazi alikuwa amekwisha kufika kwa lori la pamba, ungo bado kichwani. "Mwalimu," akasema, "uliza nani *hakumwona*!"

Baba, aliyekuwa kati ya watazamaji, ndiye aliyecheka wa kwanza.

Namshukuru shangazi. Namshukuru na mzee wa baiskeli, ingawa alinigharimu nafasi mbili. Nilichojifunza ni kidogo: nilidhani nikijificha sitachekwa, kumbe nilikuwa nawafukuza mashahidi wangu mwenyewe. Wewe uliyekaa nyuma kabisa, unayetazama vidole vya miguu, nakujua. Pita katikati.

Daftari limekwisha. Jua limepinduka, basi nisalimie inavyopasa, bila kukimbia.

Mwadila, wazee wangu. Leo pia mmeniona.